Chafya Nyuma ya Pazia

Chebet alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni, nambana bibi harusi mmoja kiuno cha gauni lake. Niliona jina lake kwenye simu nikaiacha ilie, kwa sababu bibi harusi hana subira na fundi hana mikono mitatu. Ikalia tena, ikalia tena. Nilipoipokea hakunisalimu. "Auntie Akinyi," akasema, "Kasuku amekufa." Nikatema pini zote kwenye kiganja, nikaketi juu ya robota la kitambaa. Umri huu nimekwisha kujiandaa kwa vifo vingi, lakini yule ndege nilikuwa nimemweka kwenye fungu la vitu visivyokufa, pamoja na mvua ya alasiri na ukungu wa Roret. Kisha Chebet akavuta pumzi na kusema neno lililonifanya nifunge duka langu la Kisumu kesho yake Jumamosi, siku ya wateja: "Na mtoto wangu hajaitwa jina. Tulikuwa tunategemea yeye." Mtu wa nje akisikia hivyo atadhani ni wazimu wa uzazi. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu mwaka ambao Chebet mwenyewe alizaliwa nilikuwa ndani ya nyumba ya mama yake, na ndege yule alikuwa mikononi mwangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu, nikapelekwa Roret, milimani kwenye chai, kujifunza ushonaji kwa Roda, mke wa dereva wa lori, ambaye sifa yake ya kukata kola ilikuwa imefika hadi kwetu ziwani. Nilitoka kwenye joto, na siku za kwanza nilidhani watu wa huko wanaishi ndani ya wingu. Asubuhi ungefungua dirisha ukakuta shamba la chai halipo, limefutwa, kisha taratibu vichaka vingejitokeza mstari kwa mstari, na wachumaji katikati yao wanaonekana kuanzia kiunoni tu, wanaelea. Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, kinatazama barabara ya udongo, na kilinukia mafuta ya mashine, moshi wa kuni na pamba mpya. Nyuma ya pazia la maua ilikuwa sebule, na nyuma ya sebule jikoni, ambako sufuria ya chai haikuwahi kupoa. Hata leo nikisikia cherehani ya kukanyaga, si hizi za umeme, najikuta nimerudi kwenye chumba kile kabla sijaamua kurudi.

Mlangoni, kwenye tundu la waya lililoning'inizwa kwenye boriti, alikuwepo Kasuku. Rangi ya majivu, mkia mwekundu, na macho ya mtu anayekumbuka jambo baya ulilomfanyia. Mume wa Roda alimleta kutoka safari za Kongo, kwa sababu alikuwa mtu wa barabarani na hawakuwa wamejaliwa mtoto, akaona angalau mkewe apate wa kuongea naye. Na aliongea kweli. Alipiga honi ya lori, alikohoa, aliita "Hodi!" mpaka wateja wakawa wanajibu "Karibu" ilhali wao ndio wako nje. Lakini aliuma. Aliuma kila mtu, na siku nyingine hata Roda. Na kwa kuwa kila aliyeumwa alipiga ukelele uleule, ndege alijifunza kuupiga yeye mwenyewe kwanza: ungesikia "Uwi! Uwi mama!" kisha ndipo mdomo unafika. Mimi alinionja siku ya kwanza, kwenye kidole gumba, nilipopeleka mkono kumsalimu. Roda alikuja mbio na kitambaa. "Si nilikuambia usiweke mkono?" "Hukuniambia." "Basi sasa nimekuambia." Tukatazamana, tukacheka, na ndege akacheka nasi, kwa kicheko cha mwanamume ambaye hadi leo simjui ni nani.

Sokoni walimwita Roda Mama Kasuku. Kwao na kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na yeye hakuwa naye, kwa hivyo watu walichukua kilichokuwepo. Wengi hawakuwa na ubaya. "Mama Kasuku, hizo nguo za shule ziko tayari?" Naye angejibu bila kugeuka, "Ziko tayari, pitia jioni." Lakini mimi niliketi karibu naye mchana kutwa, nikaona jinsi mguu wake ulivyosimama juu ya pedali kila walipomwita hivyo, kidogo tu, kisha ukaendelea. Niliwachukia watu wale kwa niaba yake. Nilikuwa na ulimi mkali siku hizo, na bado ninao, na mara moja nilimwambia mteja kwamba kama ni hivyo, yeye tutamwita Mama Umbea. Roda alinikemea mbele yake, na jioni akanipa kipande kikubwa cha nyama kuliko chake.

Kisha mvua za masika zikaanza, na Roda akaanza kuchukia harufu ya mafuta ya cherehani. Hakuna aliyesema neno. Jambo lililongojwa miaka mingi halisemwi haraka. Aliyelisema ni mama mkwe wake, aliyeishi nyumba ya pili ndani ya boma lilelile. Sote tulimwita Kogo, maana ndivyo Wakipsigis, wenyeji wa huko, wanavyomwita nyanya, na hata mimi mtoto wa ziwa niliruhusiwa. Alikuja akasimama mlangoni na kopo lake la ugoro, akamtazama Roda, akamtazama ndege. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi. "Hii ndeke itoke," nikamsikia, kwa lafudhi yake. "Kogo, imekosa nini?" "Inauma. Mtoto ni laini. Na watu wakizoea Mama Kasuku, mtoto akija atakuta mahali pake pamekaliwa." Roda alikanyaga cherehani kwa nguvu. Baadaye, macho yake yakiwa kwenye mshono, aliniambia: "Akinyi, hii ndege ndiyo imenisemesha miaka yote nikiwa peke yangu hapa. Nikiitupa sasa juu nimepata mtu, mimi nitakuwa mtu wa aina gani?" Mashine ilikuwa imesimama na sauti yake ilikuwa imekwaruza. Hapo nikasema mimi nitamfunza. Kogo alikubali kwa sharti moja, akalisema akinitazama mimi, si Roda: "Mpaka siku ya kuita jina. Siku hiyo ikiuma mtu ama ikileta kelele, jioni inaenda." Nami nilikuwa sijui lolote kuhusu ndege isipokuwa namna ya kuwala.

Nilianza kwa kumtazama tu, maana kidole kilikuwa bado na kovu. Nikaona kwamba hakuwa anauma ghafla kama tulivyosema. Kwanza mboni ya jicho ilisinyaa na kupanuka, ikasinyaa na kupanuka. Halafu manyoya ya shingo yakasimama, mkia ukafunguka. Alikuwa anatuonya kwa kila alichonacho, nasi tukamjibu kwa kumpelekea kidole. Nikaona pia kwamba tundu lake lilikuwa mahali pabaya kuliko pote, mlangoni, mgongo wazi, kila anayepita anapitisha penseli kwenye waya aone kama ataruka. Hata mimi ningeuma. Tukamhamishia kwenye kona ya dirisha, ukuta pande mbili, anatazama chai. Jua likishuka nilimfunika kwa leso kuukuu alale mapema, kwa sababu asiyelala ana hasira, awe ndege awe mama wa mapacha. Na nikajifunza jambo lililonitesa kuliko yote, yaani kunyamaza. Kelele zetu ndizo zilizokuwa sherehe yake. Aliponiuma nilikaza meno, nikavaa uso wa mtu aliye kanisani, nikampa mgongo polepole. Wateja walishangaa, maana walinijua. "Huyu msichana wa ziwa amekuwa bubu?" Na mwingine, akimtazama ndege: "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka, unapoteza wakati."

Tatizo lililobaki ni mkono. Mkono wowote ulioingia tundu lile ulimtia wazimu, na sikujua jinsi alivyokamatwa huko alikotoka, ila nilikisia. Roda bado alichuma chai ya nyuma ya nyumba asubuhi, nami nilimfuata kubeba kikapu. Wachumaji hulaza fito ndefu juu ya vichaka na kuchuma kile kilichopita kimo chake, ili shamba libaki sawa. Nilitembea nyuma yake ndani ya ukungu, sketi imelowa hadi magotini, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuona niliutazama mkono wake. Haukushuka kutoka juu kama mwewe. Ulikuja kwa upande, chini, kiganja kikitazama mbingu, ukachukua majani mawili na chipukizi, ukaacha mengine. "Usivute," alinifundisha. "Ile iko tayari inakuja yenyewe. Ile haitaki, wachana nayo, utaipata wiki ingine." Alikuwa akinifundisha chai, lakini mimi nilikuwa nikimwaza ndege. Jioni nilikata kipande cha fito kuukuu nikakipeleka kwa Kasuku hivyohivyo, kutoka chini, kwa upande, na mbegu za maboga kwenye kiganja cha pili. Akaegemea nyuma, nikakiondoa. Kesho yake akaegemea nyuma, nikakiondoa. Tuliendelea hivyo mpaka nikachoka kuliko yeye. Ndipo asubuhi moja, cherehani zimenyamaza, dirisha jeupe kwa ukungu, akainua mguu mmoja, akaushikilia hewani akifikiri, akaukanyaga juu ya fito. Halafu wa pili. Alikuwa mwepesi mno, mtu mzima yule, mwenye vitisho vyote vile. Nililia, na Roda aliponiona akalia pia, bila kuuliza.

Miezi iliyofuata nikiikumbuka haina mpangilio. Kuna tumbo la Roda linalozidi kuisukuma meza ya cherehani mbali naye. Kuna mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, ambayo mwanzo niliyakunja uso na mwisho niliyaomba. Na kuna Kogo, aliyeanza kuja kila alasiri, ati kukagua, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka giza likaribie. Alifungua kopo la ugoro, tak!, akanusa, akangoja, kisha akapiga chafya iliyobingirisha vibiringo vya uzi mezani. Haikupita muda ndege akaishika. Kifuniko kikilia tak, kabla Kogo hajafikisha kidole puani, kutoka kona ya dirisha ingetoka chafya yake mwenyewe, mbichi, na mkwaruzo wake wote. Tulijizuia kucheka hadi machozi. Kogo alijifanya hasikii, lakini niliona alikuwa akilifungua kopo mara nyingi kuliko pua yake ilivyohitaji. Nikaanza kuamini tumeshinda. Kisha alasiri moja mvua ya mawe ikapiga mabati kwa kishindo kama malori yanamwaga kokoto, Kasuku akatoka kwenye fito kwa hofu, akatua begani kwa Roda, akamuuma sikio. Damu ikadondokea bitana ya koti la mtu. Roda hakupiga kelele, nilikuwa nimemfunza hata yeye. Lakini Kogo alikuwa kwenye kiti. Alisimama akafunga kopo. "Nimeona," akasema, akatoka, na usiku huo hatukula.

Mtoto alizaliwa mchana, jua likiwa utosini, ndiyo maana anaitwa Chebet. Lakini jina la saa ni la kuitia tu. Kuna jina jingine, la ndani: wanawake wazee hukaa na mtoto wakataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi kukaa naye. Kanisani angepata la ubatizo baadaye, na hakuna aliyeona ugomvi kati ya mambo hayo. Asubuhi ya kuita jina wanawake wazee walijaa sebuleni. Roda alikuwa kwenye kochi, kichwa kizito kwa uchovu. Zamani, nilisikia, waliweka ugoro kidogo puani mwa mtoto kumsaidia kupiga chafya. Roda alikuwa amekataa katakata, na Kogo alikuwa amenuna. Mimi nilikuwa chumba cha kushonea, nyuma ya pazia, Kasuku juu ya fito mkononi mwangu. Niliogopa kumwacha tunduni. Peke yake angeita hodi. Nilimkuna shingo kwa kidole kilekile alichokiuma, nikamwomba Mungu ampe ububu wa asubuhi moja.

"Ni Tapsabei?" Sauti ya Kogo, ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo sikujua anayo. Kimya. "Ni Tabutany?" Kimya. "Ni Tapkigen?" Mtoto alikoroma tu. Majina yalipita pazia moja moja, na kila moja liliachiwa nafasi yake, kama mgeni anayengojewa aketi. Ndege alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nilisikiliza, nikasahau kwamba naogopa. Majina yakaenda, yakaenda, na mtoto hakupiga chafya, na nikasikia wazee wakianza kusogea kwenye viti, na nikasikia Kogo akivuta pumzi ya wasiwasi. "Ni Taprandich?" akauliza, kwa sauti ndogo kuliko zote. Na kwa wasiwasi uleule, bila kujua, mkono wake ukaenda kwenye kopo. Tak!

Nilijua kabla halijatokea. Nilihisi kifua kidogo cha ndege kikijaa juu ya fito, na sikuwa na la kufanya. Chafya ilitoka nzima, kubwa, ikapita pazia. Nikafumba macho nikisubiri kicheko, halafu hukumu. Kisha Kogo akasema, "Amekuja," na wanawake wakaangua vigelegele, na Roda akazinduka anauliza, "Nani? Ni nani?" Nilibaki pale, fito mkononi. Jioni Kogo alikuja chumba cha kushonea. Nilikuwa nimekwisha kulifunga tundu kwa leso, tayari kwa safari, na macho yangu yamevimba. "Ile chafya ni yangu," akasema. "Unafikiri sijui sauti yangu?" Akavuta kiti cha wateja karibu na tundu. "Taprandich alikuwa mama mkwe wangu. Mkali! Alikuwa anauma kuliko hii ndeke. Lakini siku nilikuwa mgonjwa, watu wote walikimbia, ni yeye alinishika." Akaifungua leso, ndege akamtazama. "Nilikuwa naogopa kumwita, na nilikuwa nataka aje. Sasa mwenye kumleta amemleta. Mtu ameita mtoto jina katika hii nyumba, utamtoa nje umpeleke wapi?" Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua mkono. Sikumwambia kitu. Ulikuja kwa upande, chini, kiganja juu. Kumbe miezi yote ile ya kunikagua alikuwa pia akijifunza.

Nilikaa Roret mpaka mwisho wa mwaka, nikaondoka na cheti cha ushonaji na ulimi uliopunguzwa makali kidogo. Watu sasa walimwita Roda Mama Chebet, na mguu wake haukusimama tena kwenye pedali. Kasuku alikuwa amepata wimbo mpya. Alianza bila kufundishwa, kwa sauti ya chini ya kubembeleza: Ni Tapsabei? Akangoja. Ni Tabutany? Akangoja. Mfululizo wote, mchana kutwa, mpaka Taprandich, halafu chafya. Nilishona kwa majina yale, na mguu wangu uliyajua kabla ya kichwa. Miaka ikapita, nikafungua duka langu, Kogo akafa, wale wazee wengine wakafuata. Chafya ikawa kichekesho cha ukoo, na kila mtoto wa kike wa boma alipozaliwa walisogeza tundu karibu na kochi, ndege akaita kwa sauti ya Kogo.

Sasa hata yeye hayupo. Nilifika Roret Jumamosi ukungu ukiinuka, nikaonyeshwa mahali walipomzika, kwenye mstari wa kwanza wa chai, chini ya dirisha lake. Roda amekuwa mdogo, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mimi siku hiyo nilikuwa na usingizi wa uzazi. Sikusikia jina hata moja, na ya ndege niliyazoea kama mvua, nikaacha kuyasikiza." Chebet hajaolewa, mtoto ni wa boma, na anastahili majina ya boma. Bibi mzee wa ukoo aliyetakiwa kuita alitikisa kichwa. "Mimi nilipata Kogo akiita, na baadaye ndege. Kwa nini ningekumbuka?" Wote wakanitazama mimi, mtoto wa ziwa. Nikavuta kigoda karibu na bibi. Sikuweza kuyaanza mpaka nilipoanza kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na yakaja. Nikamnong'oneza, naye akaita. Tapsabei. Tabutany. Tapkigen. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama mabati. Tukafika Taprandich, na nikajikuta nangoja chafya kutoka dirishani; haikuja. Orodha ya ndege ilikuwa imekwisha. Bibi akanigeukia, Chebet akanigeukia, na uso wake ulikuwa uso wa mama yake wakati ule. Ndipo nikafahamu kwamba kulikuwa na mmoja ambaye Kasuku hakumtaja hata siku moja, kwa kuwa siku ile alikuwa hai na yeye ndiye aliyekuwa akiita. Nikamnong'oneza bibi. Akanitazama kidogo, akatabasamu, akamwinamia mtoto. "Ni Tabelga?" akauliza. "Ni Kogo?"

Chafya ikalia, kubwa, yenye mkwaruzo. Na sisi sote, bila kupanga, Roda, Chebet, bibi na mimi, tukageuka kutazama tundu kwenye kona ya dirisha. Lilikuwa tupu, mlango wake wazi. Tulikuwa bado tunalitazama, mtoto akapiga ya pili.